Gumzo Ndani ya Barua Pepe

Miongoni mwa maneno ambayo mashine za zama hizi zimeyaingiza nyumbani kwa Kiswahili bila ya kubisha hodi, limo jina la huduma ile iliyopachikwa ndani ya barua pepe za mtandaoni, ambayo kwayo mtu aliyefungua sanduku lake la barua humwona mwenziwe naye amefungua lake, akamwandikia neno moja au mawili katika kidirisha kidogo pembeni mwa ukurasa, na akapata jawabu kabla hajaondoa mkono juu ya vibonye. Wengine huiita ujumbe wa papo kwa papo, wengine ujumbe wa papo hapo, wengine soga, wengine gumzo, na vijana, ambao hawana subira ya kungoja baraza lolote la lugha, huiita kuchati na kushika hamsini zao. Majina matano kwa kitu kimoja yangeweza kudhaniwa kuwa ni utajiri. Mimi nayaona kuwa ni dalili ya kitu ambacho fasili yake haijatulia, maana kila mfasiri ameshika sifa yake na wengi wameiacha ile iliyo kiini.

Kwanza na tukijue kitu chenyewe. Barua pepe ya mtandaoni, yaani ile isomwayo kwa kufungua ukurasa wa tovuti pasipo programu maalumu ya barua, ilipata kuenea baada ya kuanzishwa kwa Hotmail mwezi wa Julai 1996, na Yahoo wakafuata na barua yao mwaka 1997. Programu za mazungumzo zilizaliwa takriban wakati huo huo, lakini katika nyumba nyingine: ICQ ilitoka Israeli mwaka 1996, Yahoo wakatoa yao mwaka 1998 kwa jina la Pager na kuibadili jina mwaka uliofuata ikawa Messenger, na Microsoft wakaingia mwaka huo wa 1999 na MSN Messenger. Kwa miaka kadhaa mtu alikuwa na milango miwili, wa barua na wa mazungumzo, na huo wa pili haukufunguka mpaka programu yake ipakiwe kwanza ndani ya kompyuta. Tarehe 7 Februari 2006 Google, ambao barua yao ya Gmail ilikuwa imeanza tarehe 1 Aprili 2004 na programu yao ya mazungumzo, Google Talk, mwezi wa Agosti 2005, walitangaza kwamba wanaitia hii ya pili ndani ya ile ya kwanza. Yahoo nao wakafanya vivyo hivyo mwaka 2007.

Kuunganishwa huko, ambako kwa mtu wa Marekani mwenye kompyuta yake sebuleni kulikuwa ni wepesi tu wa maisha, kwa mkazi wa Jangwani au mfanyabiashara wa Kariakoo, jijini Dar es Salaam, kulikuwa ni jambo kubwa, kwa sababu kompyuta aliyoitumia aghalabu haikuwa yake. Ilikuwa ya kafe ya intaneti, katika chumba cha juu ya duka au cha uani, mashine zimepangwa ukutani na kutengwa kwa mbao, malipo yakihesabiwa kwa nusu saa, na mwenye kafe akiogopa virusi kuliko alivyomwogopa mwizi, hata akazifunga mashine zake zisikubali kupakiwa programu ngeni. Intaneti yenyewe ilishuka kutoka setilaiti, ghali na nzito, maana mkonga wa SEACOM haukuanza kazi Dar es Salaam mpaka Julai 2009. Katika hali hiyo, mazungumzo yaliyokuja pamoja na ukurasa wa barua, yasiyohitaji kupakiwa kitu wala kuombwa ruhusa ya mtu, yalimfikia hata yule aliyekaa mbele ya kompyuta kwa mara ya kwanza na kuiacha baada ya nusu saa. Lilikuwapo na dhara lake: aliyeondoka bila ya kujitoa alimwachia mrithi wa kiti chake barua zake, jina lake na marafiki zake wote, na mizaha iliyotokana na usahaulifu huo si yote iliyokuwa ya kuchekesha.

Lipo jambo la ufundi ambalo halina budi kuelezwa, kwa kuwa istilahi ipambayo kitu kisichofahamika huzaa giza juu ya giza. Ukurasa wa tovuti kwa asili yake ni mnyamavu: hausemi mpaka uulizwe. Kivinjari huomba, seva hujibu, na baada ya jawabu kila mmoja hushika njia yake; atakaye kujua kama lipo jipya huomba tena. Barua haidhuriki kwa utaratibu huo, kwa kuwa barua yaweza kungoja, lakini mazungumzo ya namna hiyo yangekuwa ni adhabu. Mafundi wakatumia njia ambayo Jesse James Garrett aliipa jina la Ajax mwezi wa Februari 2005, ya kuuwezesha ukurasa kuomba na kupokea vipande vidogo vidogo chini kwa chini bila ya kupakiwa upya wote. Kisha wakaongeza hila iliyo nzuri zaidi, kwamba kivinjari hutoa ombi, na seva, badala ya kujibu upesi kuwa hakuna kitu, hulishikilia ombi lile hali likiwa wazi mpaka neno litokee upande wa pili, ndipo hulijibu, na mara kivinjari hupeleka ombi jingine likashikiliwe vile vile. Msomaji haoni lolote katika hayo; huona maneno ya mwenziwe yakizuka tu. Kanuni ambazo Google Talk ilizifuata wakati huo zajulikana kwa herufi XMPP, na asili yake ni mradi wa Jabber ulioanzishwa na Jeremie Miller na kutangazwa mwaka 1999. Nazo katika jina lao refu zataja mambo mawili, kupelekeana ujumbe na kuwepo.

Hilo la pili, kuwepo, ndilo ambalo wafasiri wetu wengi wamelipita. Pembeni mwa ukurasa wa barua yaliorodheshwa majina ya watu, na kando ya kila jina kidoto: kijani kwa aliye tayari, cha rangi ya chungwa kwa aliyeiacha kompyuta yake kwa muda, chekundu kwa mwenye shughuli, kijivu kwa asiyekuwepo. Kabla hujaandika herufi moja umekwisha kujua kama mwenzako yupo, naye pia amejua kwamba wewe upo, na kwa sababu hiyo ukimya wake baada ya kuandikiwa unakuwa na maana ambayo ukimya wa asiyejibu barua hauna. Kiswahili, ambacho katika kutaja mahali kina yupo, yuko na yumo, na kila moja na kazi yake, kimejaliwa kwa jambo hili kuliko lugha nyingi. Na mitaani watu hawakukawia kusema kwamba fulani yuko hewani, neno walilolikopa kwa watangazaji wa redio na kulitumia kwa haki kabisa.

Sasa tulipime jina la kwanza, ujumbe wa papo kwa papo. Nia ya aliyelitunga yafahamika: alitaka kusema haraka. Lakini wahenga walionena kwamba papo kwa papo kamba hukata jiwe hawakuwa wakisifu haraka. Walisifu kurudia mahali pale pale, siku baada ya siku, mpaka kilicho laini kikashinda kilicho kigumu. Papo hapo lina nafuu, kwa kuwa lina maana ya muda ule ule. Hata hivyo, haraka yenyewe haikitambulishi kitu hiki. Simu ya maandishi, iliyofika Unguja kwa waya wa chini ya bahari mwaka 1879, nayo ilikuwa ya haraka. Ujumbe mfupi wa simu ya mkononi ni wa haraka. Barua pepe yenyewe hufika kwa dakika au chini yake. Tukikiita kitu kwa sifa ambayo jirani zake wote wanayo, tumekiacha bila ya jina.

Neno ujumbe nalo lina udhaifu wake mahali hapa. Ujumbe hutoka kwa mjumbe, na mjumbe ni mtu wa katikati: hupewa neno, hulichukua, hulifikisha, na aliyemtuma hukaa akingoja. Maana hiyo yalingana na barua sawasawa. Katika huduma tunayoisema wawili wapo pamoja kwa wakati mmoja, na neno la mmoja hukamilishwa na la mwingine, jambo ambalo salamu zetu hulidhihirisha kuliko hoja yoyote ya kitaalamu. Anayeandika barua huanza kwa shikamoo na kupita moja kwa moja kwenye haja yake, kwa sababu marahaba haiwezi kuja mpaka barua nyingine iandikwe. Anayeandika katika kidirisha kile huandika shikamoo, akanyamaza, akangoja.

Tuchukue mfano wa mwenye duka la mikoba Kariakoo na mpwa wake aliye Guangzhou, mji ambao wafanyabiashara wetu wengi wameuzoea, katika miaka ile kafe zilipokuwa zimejaa. Kariakoo ni saa nne asubuhi. Huko ni saa tisa alasiri. Juu ya ukurasa ipo barua ya kijana yenye picha tatu za bidhaa, na pembeni kidoto chake ni kijani.

«Shikamoo mjomba.»

«Marahaba, hujambo?»

«Sijambo. Picha umeziona?»

«Nimeziona. Hii ya kahawia haitoki huku. Nyeusi hana?»

«Anayo, ila kapandisha bei.»

«Basi usilipe kwanza. Kaulize duka la pili, kesho saa hizi nitakuwa hapa.»

Mistari sita, na mzigo mzima umeokoka kununuliwa kwa rangi isiyo na mteja. Barua na mazungumzo vilikaa katika ukurasa mmoja, picha ikitazamwa huku bei ikibishaniwa. Na zaidi ya hayo, katika Gmail mazungumzo yale yaliweza kuhifadhiwa pamoja na barua, hata mwezi wa pili mjomba akitafuta neno mikoba aliletewa vyote viwili, akaona ni nani aliyesema nini kuhusu bei. Duka la Kariakoo, ambalo mapatano yake mengi yalikuwa ya mdomo, lilipata daftari ambalo hakuna aliyekusudia kuliandika.

Kwa mfano huo huo neno soga limejiondoa. Kupiga soga ni kuzungumza kwa kupitisha wakati, bila ya haja maalumu, na mjomba yule angetahayari kuambiwa kuwa alikuwa akipiga soga na pesa zake. Kuchati lina uhai mkubwa vinywani na silidharau, walakini jina lake, chati, tumekwisha kulitoa kwa michoro ya takwimu na orodha za nyimbo zinazopendwa, na neno lenye mzigo huo halistahili kuongezewa mwingine. Yupo aliyenipendekezea tulirudie shina la Kiarabu la hudhuria na mahudhurio, tuseme mazungumzo ya hadhara. Rai hiyo ina elimu ndani yake, lakini hadharani kwa Mswahili wa leo ni mbele ya kadamnasi, na mazungumzo haya ni ya faragha. Tungemtia mtu hofu bure.

Linabaki gumzo. Jioni, katika vibaraza vya Jangwani, penye birika la kahawa na sahani ya kashata, na hasa karibu na klabu ya Yanga kila timu inapofungwa, gumzo halianzi mpaka wanagumzo wawepo. Anayekuja huonekana anakuja, anayeondoka huaga, na maneno hupokezanwa bila ya kupewa mjumbe. Ndani yake yamo mzaha na biashara, posa na siasa, na hakuna anayeliona jina hilo kuwa jepesi mno kwa jambo zito. Sifa ile ya kuwepo, ambayo majina mengine yaliikosa, neno hili linayo tangu asili. Sura za Kiswahili za baadhi ya programu zimekwisha kulitumia, na naona waliolichagua walisikia vizuri, hata kama hawakueleza sababu.

Huduma zenyewe zimekwisha kugeuka. MSN Messenger, iliyokuwa imekwisha kuitwa Windows Live Messenger, ilifungwa karibu kote ulimwenguni mwaka 2013, na mwaka huo huo Google wakaleta Hangouts kuchukua mahali pa Google Talk, nayo ikaja kuondoka mwaka 2022 na kuiachia nafasi Google Chat. Yahoo Messenger ilizimwa tarehe 17 Julai 2018. WhatsApp, iliyoanza mwaka 2009, iliyahamishia mazungumzo katika simu ya mkononi, na wafanyabiashara wa Kariakoo waliohama nayo hawakuwa na sababu ya kurudi kafe. Lakini kidoto cha kuwepo kimehama pamoja nao, sasa kikiandikwa kwa maneno, na swali la jina limebaki pale lilipokuwa.

Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lina kazi ya kusanifisha istilahi, na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina kamusi zake. Ombi langu kwao ni dogo: penye neno gumzo iongezwe maana nyingine, kwamba ni mazungumzo ya maandishi baina ya watu walio hewani kwa wakati mmoja, kila mmoja akijua kuwepo kwa mwenziwe, na huduma ile iliyo ndani ya barua iitwe gumzo la barua pepe. Papo kwa papo tuiachie kamba na jiwe lake.