Maabara ya Kapitza na Suala la Nyenzo za Sayansi

Kada wa Kalangalala, anayeona mwamba wa Geita ukisagwa, hana haja ya kufundishwa kwamba mwenye nyenzo ndiye mwenye kauli. Lakini tunapohesabu nyenzo, maabara husahauliwa. Kwa sababu hiyo tunaleta historia ya maabara moja ya sumaku kali, iliyojengwa katika miaka ile ile ya 1930 ambayo wakoloni walikuwa wakichimba dhahabu Geita.

Pyotr Kapitza, mhandisi Mrusi, alifika Cambridge, Uingereza, mwaka 1921. Tatizo lake lilikuwa hili: ukitaka sumaku kali mno lazima upitishe umeme mwingi katika koili ya waya, na umeme huo huyeyusha waya wenyewe. Kapitza akaamua umeme upite kwa sehemu moja ya mia ya sekunde tu, ukatwe kabla waya haujapata moto. Mwaka 1924 alianza na betri. Baadaye kampuni ya Metropolitan-Vickers ikamwundia jenereta kubwa, akafikia gausi 320,000, yaani mara laki kadhaa ya sumaku ya dunia inayogeuza sindano ya dira. Jenereta hiyo ilitikisa sakafu kila ilipokatizwa; basi koili iliwekwa mita 20 mbali, jaribio liishe kabla mtikisiko haujafika. Mlipuaji baruti yeyote wa mgodini atauelewa ujanja huo.

Mwaka 1933 alifunguliwa jengo lake mwenyewe, Maabara ya Mond, kwa pauni 15,000 za Royal Society, kutoka wasia wa Ludwig Mond, tajiri wa viwanda vya kemikali. Hatudai kwamba dhahabu ya Geita ililipia jengo hilo. Tunasema kwamba wenye mtaji ndio walioamua kipi kichunguzwe na wapi, na katika mpango huo Geita ilipewa sululu.

Mwaka 1934 Kapitza alikwenda kwao kwa mapumziko, na serikali ya Kisovieti ikamkatalia kutoka. Ilimwanzishia taasisi ya fizikia mjini Moscow, na mwaka 1935 ikainunua mitambo yake ya Cambridge kwa pauni 30,000. Hapa hapana budi tutenganishe mambo mawili. Kununua mitambo kulikuwa uamuzi sahihi wa taifa lililotaka kujitegemea. Kumzuia mtu kwa pasi hakukuzaa hata jaribio moja. Alikaa zaidi ya mwaka bila maabara. Kazi ilianza tena mitambo ilipofika, pamoja na mafundi wawili wa Cambridge, Laurmann na Pearson, ambao Rutherford aliwaruhusu waende kumsaidia. Vitabu humtaja mwanasayansi na kumpita fundi, ilhali bila mikono ile masanduku yangebaki masanduku.

Katika taasisi hiyo Kapitza aligundua heliamu ya majimaji inayotiririka bila mnato, akachapisha matokeo mwaka 1938. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1978. Kati ya miaka hiyo aligombana na Beria, msimamizi wa mradi wa bomu la atomiki, na mwaka 1946 akaondolewa katika ukurugenzi. Mitambo ikabaki Moscow. Kapitza akaendelea na majaribio katika banda la nyumba yake ya shamba, hadi aliporudishwa mwaka 1955.