Nani Alifunga Vifungo vya Gauni Lile?

Ndugu msomaji, kabla hujanicheka naomba unisikilize kwanza. Mimi ni mwanamume wa miaka 24, nimemaliza kidato cha nne, na napenda magauni ya wanawake wa zamani. Sisemi kuyavaa! Nasema kuyatazama. Filamu ya mambo ya kale ikiwekwa, wenzangu wanasubiri mapanga na farasi. Mimi namsubiri mama mwenye nyumba ashuke ngazi, sketi imejaa mlango mzima, hariri inasugua sakafu. Kijiweni wamenibandika jina la Malkia. Nimelizoea.

Mapenzi haya yaliniingia kupitia kitabu cha mtumba, kimojawapo cha vile vinavyotandazwa chini juu ya turubai. Jalada lilikuwa limeng'oka, lakini picha zilikuwa nzima: wanawake wa Paris na London wa karne ya 19, kiuno chembamba kama shingo ya chupa, na chini yake sketi pana kama hema. Nilikinunua kwa nauli ya siku ile, nikarudi nyumbani kwa miguu. Na siku hizo ndiyo kwanza nilikuwa naanza kuandika riwaya yangu.

Riwaya yenyewe imetokana na kisa cha kweli. Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said wa Unguja, alizaliwa mwaka 1844. Mwaka 1866 alitoroka Unguja kwa manowari ya Kiingereza mpaka Aden. Huko, mwaka 1867, akabatizwa kwa jina la Emily, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, kisha wakaenda kuishi Hamburg. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu za maisha yake kwa Kijerumani. Mimi sikutaka kuandika habari zake yeye. Ameshaziandika mwenyewe, nani atamshinda? Nilimbuni msichana mwingine, wa Unguja vilevile, anayefika Hamburg mwaka huohuo. Katika sura ya kwanza anavua suruali na kanzu ya kwao, anavaa gauni la Kizungu, anashuka ngazi, na ukumbi mzima unanyamaza. Kurasa sita! Nilizisoma peke yangu nikajiona nimeshakuwa Shaaban Robert.

Basi nikamsomea mama. Mama yangu ni fundi cherehani. Alikuwa kibarazani anapiga pindo la sare za shule, na alinisikiliza bila kunyanyua kichwa. Nilipomaliza akauliza, "Hilo gauni limekula mita ngapi?" Sijui. "Na limejitanua vipi hivyo, hakuna upepo?" Sijui. "Na hivyo vifungo vya mgongoni, nani kamfunga?" Nikakaa kimya. Mama akakata uzi kwa meno, akasema, "Basi mwanangu, msichana wako yuko uchi."

Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikaenda maktaba.

Tuanze na huko kujitanua. Kabla ya mwaka 1856, mwanamke wa Ulaya aliyetaka sketi pana alirundika magagulo, moja juu ya jingine, sita au zaidi. Mengine yalitiwa wanga yakakakamaa, mengine yalifumwa kwa singa za farasi. Hebu fikiria uzito wake, na joto lake mwezi wa Julai! Ndipo mwaka 1856 ikapatikana hataza ya kifaa kipya: pete za chuma chembamba, ndogo juu na kubwa chini, zimening'inizwa kwa tepe za kitambaa kutoka kiunoni. Wakakiita krinolini. Mama nilipomwonyesha picha yake akapasuka kwa kicheko: "Ah, tenga la kuku!" Na kweli ni tenga la kuku, ila mwanamke ndiye yuko ndani.

Lakini usidhani wanawake wale walililalamikia tenga hilo. Wengi walilishangilia. Lilikuwa jepesi, liliondoa mzigo wa magagulo, na miguu ikapata nafasi ya kutembea. Akitaka kukaa, pete zilijikunja moja juu ya nyingine kama taa ya karatasi. Magazeti ya vikatuni ndiyo yaliyolicheka, na mengi yalichorwa na wanaume.

Sasa mita. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 pindo la sketi kubwa liliweza kuzunguka zaidi ya mita 4. Na mara nyingi gauni halikuwa kipande kimoja: sketi mbali, blauzi ya kubana mbali. Hapo ndipo nilipopata jibu la vifungo. Blauzi ya mchana ilifungwa kifuani, hivyo mwanamke aliweza kujifunga mwenyewe. Hata koseti, ile nguo ya kubana kiuno yenye vijiti vya nyangumi au chuma, wakati huo nyingi zilikuwa na vishikizo mbele. Lakini blauzi ya usiku, ya dansi, mara nyingi ilifungwa kwa kamba mgongoni. Hiyo lazima mtu mwingine asimame nyuma yako avute. Kwa hiyo msichana wangu, kabla hajashuka ngazi akiwa peke yake, alikuwa na mtu chumbani ambaye mimi sikumwandika.

Kosa la pili lilikuwa la mwaka. Gauni nililomvika, la duara kama kengele, ni la mwaka 1859 hivi. Kufikia 1867 sketi ilikwishaanza kulala mbele na kuvimba nyuma, na miaka michache baadaye tenga likatoweka, mahali pake ukaingia mto wa kutuna juu ya makalio. Nilikuwa nimempeleka Hamburg na fasheni ya dada yake mkubwa.

Rangi nayo ina hadithi yake. Mwaka 1856 kijana wa miaka 18 jijini London, William Perkin, alikuwa anajaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na lami ya makaa ya mawe. Kwinini haikupatikana. Alichopata ni uchafu uliotia kitambaa rangi ya zambarau. Zambarau iliyokuwa anasa ya wachache ikaanza kutoka kiwandani, na Malkia Victoria akaivaa kwenye harusi ya binti yake mwaka 1858. Mbu wanatuuma sisi, Ulaya wanapata gauni!

Uzuri huo uliua pia. Vitambaa vyepesi vilishika moto upesi, na hewa chini ya tenga ilichochea. Mwaka 1861 Frances, mke wa mshairi wa Marekani Henry Longfellow, alishika moto nyumbani kwake, akafa siku iliyofuata. Mumewe aliungua akijaribu kumzima. Tarehe 8 Desemba 1863 Kanisa la Compañía huko Santiago, Chile, liliungua ibada ikiendelea. Watu zaidi ya 2,000 walikufa, wengi wao wanawake, na masketi mapana yalikuwa sehemu ya kilichowanasa mlangoni.

Nilirudi kwa mama nikiwa na daftari zima la majibu. Nilimsomea nikijidai. Akasikiliza, akatikisa kichwa kukubali, halafu akaniuliza swali la nne: "Na nani kalishona?"

Msomaji, kumbe yote niliyokuwa nimeyasoma yalikuwa utangulizi tu.

Mmoja wa walioshona aliitwa Mary Ann Walkley. Alikuwa na miaka 20, akifanya kazi katika duka la fundi wa mabibi wakubwa jijini London. Juni 1863 kulikuwa na dansi ya kumheshimu mke mpya wa mrithi wa ufalme, na magauni yalitakiwa haraka. Mary Ann alishona saa 26 na nusu mfululizo, pamoja na wasichana wengine 60, thelathini katika chumba kimoja, hewa haitoshi. Ijumaa akaugua. Jumapili akafa, gauni lililokuwa mkononi halijakamilika. Magazeti yakapiga kelele, na mwaka 1867 Karl Marx akamwandika katika Das Kapital. Mwaka uleule Salme alipofika Hamburg! Sisi tunamjua Marx kwa ndevu na siasa, kumbe alisimama pia kumlilia fundi nguo.

Wa pili ni Elizabeth Keckley, na huyu ndiye aliyenipa nguvu. Alizaliwa mtumwa Virginia, Marekani, mwaka 1818. Huko St. Louis sindano yake ililisha nyumba nzima ya bwana wake. Wenye mali walikula jasho la mtumwa wao, tena bila haya. Mwaka 1855 alijikomboa yeye na mwanawe kwa dola 1,200. Wateja wake ndio waliomkopesha, naye akawalipa. Mwaka 1860 akahamia Washington, na mwaka 1861 akawa fundi wa Mary Lincoln, mke wa Rais. Mwaka 1868 alichapisha kitabu cha maisha yake. Gauni moja la mahameli ya zambarau linaloaminika kuwa ni kazi yake limehifadhiwa katika makumbusho huko Washington. Walioliona mwanzo walimsifu mke wa Rais kwa kupendeza. Nilipoiona picha yake mimi nilitazama mshono.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijawahi kuliandika. Nilipokuwa sekondari, kwenye fomu ya shule palikuwa na mstari wa kazi ya mzazi. Niliandika "mfanyabiashara". Niliona aibu kuandika fundi cherehani. Mama huyo ndiye aliyekanyaga cherehani usiku kucha, taa ya chemli iko mezani, ili ada ipatikane. Kuna bibi harusi mmoja mama alimshonea shela kwa siku nne. Siku ya sherehe tulisimama nje, tukaliona likipita. Watu wakapiga vigelegele, wakasema bibi harusi kapendeza. Pesa iliyobaki haikulipwa mpaka leo. Nilikuwa na miaka kumi, na nakumbuka mama hakumtazama usoni yule bibi harusi hata kidogo. Alikuwa anatazama pindo, kama limelala sawa.

Bado nayapenda magauni ya zamani, tena zaidi ya mwanzo. Mtu asikwambie kwamba ukijua machungu ya kitu uzuri wake unakwisha. Ila sasa nikiiona picha, jicho halianzii usoni kwa yule bibi. Linaanzia kwenye pindo, kwa sababu mtu alipiga magoti pale, pini zimo mdomoni.

Sura ya kwanza ya riwaya nimeichana. Mpya inaanza chumbani Hamburg. Msichana wa Unguja amesimama juu ya kigoda, haelewi Kijerumani hata neno. Chini yake kuna fundi, msichana wa rika lake, anayempima kiuno. Hawana lugha moja, lakini mkono wa fundi unatetemeka kwa kukosa usingizi, na msichana wetu anauona. Anashuka kigodani, anamwashiria akae.

Nilimsomea mama sura hiyo juzi jioni. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano, akasita kidogo. Akasema, "Haya. Sasa kavaa." Kisha akanipa mkasi nimkatie bitana.