Chakula kama dawa katika uvimbe sugu wa matumbo: mambo ya kujua kwa mgonjwa wa Kipushi na jamaa yake

Uvimbe sugu wa matumbo ni jina la pamoja la magonjwa mawili: ugonjwa wa Crohn, na ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana. Katika yote mawili kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inaushambulia utumbo wenyewe. Mgonjwa anahara kwa majuma au miezi, mara nyingi na damu au ute. Tumbo linamuuma, anachoka, anakonda. Ugonjwa hutulia, kisha huamka tena. Hauambukizi. Hautokani na uchawi wala laana ya ukoo, na tunalisema hili mapema kwa sababu katika makanisa yetu wengi hupitia vyumba vitatu au vinne vya maombi kabla ya kufika maabara hata mara moja.

Tofauti ya magonjwa haya mawili ni ya maana kwa habari ya chakula. Ugonjwa wa Crohn, ulioitwa kwa jina la daktari Burrill Crohn wa New York aliyeueleza pamoja na wenzake wawili mwaka 1932, unaweza kushika mahali popote toka kinywani hadi njia ya haja kubwa, lakini hupenda mwisho wa utumbo mwembamba. Unaingia ndani ya ukuta wa utumbo na unaweza kuubana. Ule wa vidonda hushika utumbo mpana peke yake, kwenye ngozi yake ya ndani.

Kabla ya chakula, vipimo. Si kila kuhara damu ni uvimbe sugu, na katika mji kama Kipushi mara nyingi ni kitu kingine: amiba, bilharzia, minyoo, kuhara kwa vijidudu, au kifua kikuu cha matumbo. Hiki cha mwisho ndicho kinachodanganya zaidi, maana hupenda mahali palepale penye ugonjwa wa Crohn na hukondesha vilevile. Kipushi ni mji wa mgodi tangu miaka ya 1920. Mgodi ulisimama mwaka 1993 na kuanza tena 2024, na katikati ya miaka hiyo vijana wengi wamechimba kwa mikono. Mahali penye vumbi la mawe, kifua kikuu hakiko mbali. Dawa zinazotuliza uvimbe, kama prednizoloni, hupunguza kinga. Mtu mwenye kifua kikuu au amiba akizimeza bila kupimwa anaweza kuharibikiwa kabisa, hata utumbo kutoboka. Kwa hiyo choo kipimwe, makohozi yapimwe, damu ipimwe pamoja na VVU. Kuona utumbo kwa kamera kunamlazimu mgonjwa kwenda Lubumbashi, kilomita 30 hivi. Safari hiyo ina gharama, lakini ni nafuu kuliko mwaka mzima wa kununua Flagyl kwa kubahatisha.

Sasa chakula. Watu wengi wanauliza: je, chakula kinaweza kuponya? Kwa ugonjwa wa Crohn, hasa kwa watoto, kuna matibabu ya chakula yaliyothibitishwa. Mtoto huacha vyakula vyote vya kawaida kwa majuma sita hadi nane na kunywa tu maziwa maalumu ya hospitali yenye protini, mafuta, wanga, vitamini na madini kwa kipimo kamili. Akishindwa kunywa, hupitishiwa mrija wa puani. Watoto wengi hutulia kwa njia hiyo, vizuri kama kwa prednizoloni, tena bila madhara yake: mtoto anaongeza uzito, anarefuka, na utumbo unapona vidonda. Kwa sababu hiyo madaktari wa Ulaya huyaweka maziwa hayo mbele kwa mtoto ambaye ugonjwa wake unaanza. Kwa watu wazima yanasaidia pia, ila wengi hushindwa kuvumilia. Kwa ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana hayatulizi uvimbe. Huko dawa ndizo zinazofanya kazi, na chakula ni kwa kujenga mwili tu.

Tuseme wazi: maziwa hayo ni ghali, na familia nyingi za Kipushi haziwezi kuyanunua kwa majuma sita. Wala yasichanganywe na F-75, F-100 au Plumpy'Nut, ambavyo vimetengenezwa kwa watoto wenye utapiamlo mkali. Mtoto mwenye Crohn aliyekonda kufikia kiwango hicho ana haki ya kupimwa na kulishwa kama watoto wengine, ila hiyo ni tiba ya utapiamlo.

Kuna njia nyingine inayotupa tumaini zaidi kwa soko letu. Mwaka 2019 watafiti wa Israeli na Kanada walichapisha jaribio ambamo watoto walikunywa nusu tu ya maziwa hayo, na nusu nyingine wakala vyakula vya kawaida vilivyochaguliwa: kuku, mayai, wali, viazi, ndizi. Waliachishwa nyama za makopo, soseji, biskuti, vinywaji vya viwandani na vyakula vyenye dawa za kuhifadhi. Walivumilia vizuri kuliko wale wa maziwa matupu, nao wengi walitulia. Tazama orodha hiyo: karibu yote iko sokoni Kipushi. Hata hivyo ni matibabu ya daktari, yenye kipimo na muda wake. Mama asiyaanzishe peke yake jikoni na kutupa vidonge.

Hapa inafaa kukumbuka historia ya kwetu Afrika ya Mashariki. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji na Mkristo, alifika Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi Lira, kisha Mulago, Kampala. Hugh Trowell alikuwa daktari hukohuko Mulago, mtu aliyechunguza sana kwashakoo. Baadaye alirudi Uingereza akawa kasisi. Wote wawili waliona kwamba magonjwa mengi ya matumbo yaliyojaa hospitali za Uingereza yalikuwa nadra kwa Waafrika wa vijijini. Burkitt alikuwa akiandikia hospitali za misheni katika nchi nyingi za Afrika kuwauliza wanaona nini. Mwaka 1975 walitoa kitabu pamoja: unga uliokobolewa na sukari, walisema, ndivyo vinavyoleta shida, nyuzinyuzi za nafaka nzima, maharagi na majani hulinda. Kwa mtu mwenye afya neno hilo linasimama hadi leo, na anayekula bukari ya unga mweupe wa magunia kila siku angefaa kulisikia.

Lakini kutoka hapo watu walipata mawazo mawili mabaya. La kwanza ni kwamba uvimbe sugu ni ugonjwa wa wazungu. Hospitali isiyo na kamera haiwezi kuuona, na kutoonekana si kutokuwapo. La pili ni kwamba kila tumbo linaponywa kwa majani. Mgonjwa wa Crohn ambaye utumbo wake umebanwa akila sombe yenye vikonyo, muwa, mahindi ya kuchoma au karanga na maganda yake, chakula kinaweza kukwama, naye akapelekwa kwenye upasuaji. Kilekile kinachomlinda jirani kinamfungia yeye njia. Wakati ugonjwa umeamka, apewe vilivyolainika: wali, viazi vilivyopondwa, uji mwepesi, yai, samaki asiye na mifupa, kuku, ndizi mbivu, maboga. Kapenta zisagwe ziwe unga na kutiwa ndani ya uji. Protini inapatikana bila kukwaruza. Ugonjwa ukitulia, na daktari akisema utumbo haujabanwa, lengalenga na maharagi virudi kidogokidogo. Kuogopa kila chakula kwa miaka ni njia nyingine ya kufa njaa. Wagonjwa wengi hukondeshwa na ugonjwa pamoja na orodha ndefu ya vyakula walivyokatazwa na kila mtu aliyepita nyumbani.

Damu inayopotea huondoa madini ya chuma. Mwisho wa utumbo mwembamba ukiharibika, vitamini B12 haiingii, na huenda sindano ikahitajika. Anayemeza sulfasalazini hupewa asidi ya foliki. Anayekaa muda mrefu na prednizoloni anahitaji kalisiamu na vitamini D kwa ajili ya mifupa. Na zinki nayo hupotea kwa kuhara: ndiyo, zinki ileile ya mgodi wetu, ila hii huja kwa kidonge. Siku za kuhara sana, lita moja ya maji safi yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Maumivu yasitulizwe kwa diklofenaki au ibuprofeni za barabarani, zinaweza kuuamsha ugonjwa. Sigara huuzidisha ule wa Crohn.

Neno kwa wachungaji na viongozi wa vikundi vya maombi. Mgonjwa huyu asilazimishwe kufunga. Mwili wake tayari unapoteza kuliko unavyopata. Siku tatu bila maji zinaweza kumwangusha, na ambaye amekaa siku nyingi bila kula asirudishwe kwa sahani kubwa ghafula. Huanza kidogokidogo, hospitalini, maana madini ya damu huvurugika na moyo unaweza kusimama. Paulo alipomwandikia Timotheo juu ya tumbo lake hakumwongezea mfungo. Alimshauri cha kunywa. Aombewe, na vidonge vyake avimeze. Tena apewe kiti karibu na mlango, na ajue choo cha kanisa kiko wapi na kwamba hakifungwi kwa kufuli wakati wa ibada. Wengi wameacha kuja kanisani kwa aibu ya jambo hilo moja, nasi tukadhani wamerudi nyuma.

Apimwe uzito kila mwezi, mtoto pamoja na urefu, na namba ziandikwe katika daftari atakaloonyesha kwa daktari. Tumbo likivimba na kuwa gumu, akitapika bila kupitisha choo wala hewa, damu ikitoka nyingi, au homa ikipanda pamoja na maumivu makali, asingoje asubuhi wala mwisho wa maombi ya usiku. Apelekwe hospitali usiku huohuo.