Vinanda vya Zamani na Vinanda vya Sasa

Msomaji, neno kinanda lina umri mkubwa kuliko chombo kiitwacho hivyo leo. Wazee wa pwani waliliita kwa jina hilo gambusi la nyuzi; baadaye jina likapewa gramafoni; na sasa katika Mji wa Kale wa Mombasa, jirani na Ngome ya Yesu iliyoanza kujengwa mwaka 1593, kinanda ni chombo cha umeme chenye vibonyezo vyeupe na vyeusi. Yafaa tuangalie mabadiliko hayo yamewapa nini wapigaji, na yamewanyima nini.

Taarabu ya Mombasa haikungoja umeme ndipo ikaribishe wageni. Udi ulitoka Arabuni. Hamoniamu ilibuniwa Ulaya, ikatufikia kwa njia ya Bara Hindi. Tashkota, yenye vibonyezo mithili ya taipureta, ilibuniwa Japani mwaka 1912. Wageni hao wote walipokewa wakawa wenyeji.

Kinanda cha umeme kilikuja na ajabu yake: mpigaji hubonyeza sauti chache kwa mkono wa kushoto, nacho humwitikia kwa besi na ngoma. Lakini vile vya zamani vilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, midundo yake ilitiwa kiwandani: rumba, valsi na mfano wa hiyo, chakacha haikuwamo. Pili, sauti zake zilipangwa kwa hatua 12 zilizo sawa, hali maqamu ya Kiarabu kama Rasti na Bayati yana sauti zilizo kati ya hatua hizo. Mpiga udi huzipata kwa kusogeza kidole kidogo tu. Mpiga kinanda alilazimika kupita juu yake au chini yake, na sikio la mzee likajua mara moja.

Vinanda vya sasa vimeziondoa kasoro hizo. Vingi huweza kushusha sauti moja moja kwa nusu ya hatua, hutoa sauti zilizonaswa kutoka kwenye udi na fidla za kweli, na humruhusu mwenyewe kuingiza mdundo wake na kuuhifadhi. Kwa ubora wa chombo, hapana shaka kipya kimeshinda.

Hata hivyo, faida hiyo ina gharama. Palipoketi mpiga fidla, mpiga ngoma na mpiga besi, leo mara nyingi huketi mtu mmoja. Mpiga ngoma humwona mtu ainukapo kumtuza mwimbaji, akazidisha mkono, mashine haioni. Tena, kinanda hutunza kile kilichotiwa ndani yake tu. Atakayekifundisha chakacha hana budi kwanza kufundishwa na aijuaye.

Basi, msomaji, ukipata kinanda kipya, kifurahie. Lakini uketi kwanza na mpiga ngoma angali hai. Kiwanda hakiwezi kukuuzia alichonacho yeye mikononi.