Jonathan Woodgate: beki aliyenunuliwa akiwa majeruhi

Kila dirisha la usajili linapofunguliwa, katika matangazo yetu ya michezo hutamkwa maneno haya: mchezaji fulani amefaulu vipimo vya afya. Basi huulizwa, vipimo hivyo vina kazi gani ikiwa klabu kubwa hununua hata mtu anayechechemea? Tumeona tulijibu kwa kueleza safari ya beki mmoja wa Uingereza, Jonathan Woodgate.

Woodgate alizaliwa Januari 1980 mjini Middlesbrough, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Soka alilikulia Leeds United, akaanza kucheza kikosi cha kwanza mwaka 1998, na mwaka uliofuata, akiwa na miaka 19, akavaa jezi ya timu ya taifa. Alikuwa beki wa kati wa aina ambayo makocha huitafuta: mrefu, mwenye kasi, anayeusoma mpira kabla haujafika, asiyehitaji kujirusha chini kila dakika. Leeds ilipoelemewa na madeni ilianza kuuza wachezaji wake, na Januari 2003 Woodgate akaenda Newcastle United kwa pauni milioni 9.

Newcastle walipata beki mzuri, ila kwa vipindi. Paja lilimsumbua, na likamkosesha mashindano ya Ulaya ya mwaka 2004.

Hapa tusimame kidogo tueleze majeraha ya paja, maana ndiyo yaliyomfuata miaka mingi. Chukua misuli ya nyuma ya paja, ambayo wacheza mpira huumia zaidi kuliko misuli mingine. Ni mitatu, inaanzia kwenye mfupa wa makalio na kuishia chini kidogo ya goti. Hukunja goti, na mtu akikimbia kwa kasi huuvuta mguu unaorushwa mbele usipitilize. Ndiyo maana unamwona mchezaji anakimbia peke yake, hakuna aliyemgusa, mara anashika paja na kukaa chini. Nyuzi zimechanika. Mwili huziba pale palipochanika kwa kovu, na kovu halinyumbuki kama msuli wenyewe. Mchaniko mdogo hupona kwa wiki chache, mkubwa huchukua miezi. Tena maumivu huisha kabla msuli haujapata nguvu zake, na aliyeumia hapo mara moja yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuumia tena. Waliocheza ligi za vijijini wanalijua hili: Jumapili umetolewa ukichechemea, Jumatano unatembea vizuri, Jumapili inayofuata kocha anakutaka uwanjani.

Sasa turudi kwa Woodgate. Agosti 2004, akiwa bado majeruhi, Real Madrid ya Hispania ilimnunua kwa pauni milioni 13.4. Real ya wakati huo ilikuwa na Zidane, Ronaldo, Beckham na Raúl, lakini nyuma ilikuwa inavuja. Na hapa ndipo jibu la lile swali lilipo. Daktari wa klabu hanunui wala hakatazi. Anapima moyo, magoti, misuli, kisha anawaeleza viongozi hali aliyoikuta. Wanaoamua ni wenye fedha, na Real waliamua kubahatisha, wakiamini paja litapona.

Halikupona haraka. Msimu wote wa 2004/2005 ulipita bila Woodgate kucheza hata dakika moja ya mashindano. Mechi yake ya kwanza ilikuja tarehe 22 Septemba 2005, dhidi ya Athletic Bilbao, zaidi ya mwaka mmoja tangu asajiliwe. Katika mechi hiyohiyo alijifunga bao, kisha akatolewa kwa kadi mbili za njano. Real walishinda 3-1, lakini kinachokumbukwa ni yeye. Mwezi uliofuata aliifungia Real bao katika Ligi ya Mabingwa dhidi ya Rosenborg ya Norway. Hilo watu hawalisimulii. Aliondoka akiwa amecheza mechi 14 tu, na mwaka 2007 wasomaji wa gazeti la Marca walimchagua kuwa usajili mbaya zaidi wa karne hii. Kwetu sisi hukumu hiyo ilikuwa kali. Aliyekosea hesabu ni mnunuzi.

Mwaka 2006 alirudi nyumbani, Middlesbrough, kwanza kwa mkopo kisha moja kwa moja, na huko alicheza mfululizo kuliko alivyocheza Hispania. Januari 2008 Tottenham wakamchukua. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 24 Februari, katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Chelsea, muda wa nyongeza ulikuwa ndio kwanza umeanza matokeo yakiwa 1-1. Jermaine Jenas akapiga mpira wa adhabu, kipa Petr Cech akautema, ukamgonga Woodgate kichwani na kuingia wavuni. Tottenham hawakubeba kombe jingine hadi Mei 2025.

Kisha kikaja kinena. Kuanzia Novemba 2009 alikaa nje zaidi ya mwaka, akarudi Februari 2011 akitokea benchi ugenini dhidi ya AC Milan. Tottenham walishinda 1-0, naye akaumia tena.

Baada ya hapo Stoke City walimpa mkataba wa mwaka mmoja. Kwa wachezaji wenye historia kama yake, klabu siku hizi hupenda mikataba mifupi, na wakati mwingine mshahara mdogo unaoongezwa kwa kila mechi anayocheza. Kwa njia hiyo hasara ya jeraha hubebwa na mchezaji pia, wala si klabu peke yake. Mwaka 2012 alirejea Middlesbrough kwa mara ya pili, akastaafu mwaka 2016 akiwa ameichezea Uingereza mechi 8. Msimu wa 2019/2020 alikuwa kocha mkuu wa klabu hiyo ya nyumbani kwao, akaondolewa kabla ligi haijamalizika.