Walipelekwa Uarabuni, Majina Yakapotea, Zumari Ikabaki

Unaijua Kiwangwa ya mananasi? Ile ya barabara ya Msata kwenda Bagamoyo, watu wanasimama, wananunua, wanasepa. Sasa vuta picha ya karne ya 19: misafara inatoka bara kwa miguu kuja Bagamoyo, na wengine waliomo ni watumwa. Baadhi walivushwa Zanzibar, kisha majahazi yakawapeleka Oman, Bahrain, Basra mpaka pwani ya Uajemi. Huko kulikuwa na kazi ya kuzamia lulu na mashamba ya tende. Mkataba wa 1845 ulikataza kuwapeleka Uarabuni, lakini magendo yaliendelea. Soko la Zanzibar lilikuja kufungwa 1873.

Majina yao nani anayajua? Walihesabiwa vichwa tu.

Ila ngoma yao ipo. Kule Ghuba inaitwa leiwa. Watu wanazunguka duara, zumari inalia, na kati ya ngoma zinazopigwa kuna msondo na chapuo, yaani majina ya huku huku kwetu pwani. Nyimbo nyingine zina maneno ya Kiswahili, na waimbaji wengine hata maana hawaijui tena. Wameyapokea kwa wazee, basi.

Sasa kuna chombo kingine wanachokipiga vizazi vya hao hao: habban, au jirba kwa watu wa Bahrain. Hii ni zumari ya mfuko. Ngozi ya mbuzi inajazwa upepo, mpigaji anaibana kwapani, na mbele kuna mirija miwili imefungwa pamoja yenye matundu ya vidole. Siyo ile ya Waskoti na sketi zao, ambayo ina mabomba yanayonguruma begani. Hii haina hayo.

Na habban yenyewe ni mgeni upande wa Waarabu. Kwao ni Uajemi, wanaiita ney-anban, ikavuka bahari na wahamiaji. Kule Bushehr, kusini mwa Iran, watu weusi wa asili ya Afrika Mashariki ni sehemu ya muziki huo mpaka leo. Mgeni kamshika mgeni mwenzie.

Ukifikiria, haishangazi. Mpiga zumari lazima ajaze mashavu, avute hewa kwa pua huku anapuliza, sauti isikatike. Ni kazi! Kwenye habban ule mfuko ndiyo mashavu. Aliyeizoea zumari hakuanza sifuri.

Siku hizi vikundi vingi vya Ghuba vimeacha ngozi ya mbuzi vikachukua zile za Kiskoti, na nyingi zinatengenezwa Sialkot, Pakistan. Chombo kimebadilika, lakini harusini mchezo ni ule ule, mabega yanacheza mpaka usiku mnene.

Huku pwani ya Bagamoyo zumari haijawahi kuwa na mfuko. Mpigaji bado anajaza mashavu.