Ramani Kuukuu za Njia

Katika mazungumzo haya twataka kunena habari za kitu ambacho wengi hukitupa bila kukitazama mara mbili, nacho ni ramani kuukuu ya njia za motakaa. Hatuneni ile ramani kubwa itundikwayo ukutani shuleni, bali ile ya karatasi nyembamba, iliyokunjwa hata ikaenea mfukoni, ambayo zamani dereva aliipata penye pampu ya petroli.

Sisi tulipata moja kwa bahati. Mzee mmoja, aliyekuwa dereva wa lori kati ya Bukoba na Karagwe, alikuwa akitufunulia hati za shamba lake. Naye alizifunika kwa ramani ya namna hii. Mikunjo yake ilikuwa imechanika, ukingo wa chini wenye mwaka wa kuchapwa ulikuwa umeliwa na mchwa, lakini njia nyekundu zilionekana bado. Tulimwomba, naye akatupa huku akicheka. Akasema, "Chukua, mwalimu, lakini njia hizo zimepitwa na wakati." Tukaipeleka chuoni, na wanafunzi wetu wakaisoma kwa muda wa wiki nyingi.

Kwanza yafaa tujue desturi hii ilianzia wapi. Mwaka 1913 kampuni ya Gulf ilifungua kituo cha petroli katika mji wa Pittsburgh, nchi ya Marekani, na baada ya muda mfupi ikaanza kuwagawia wenye motakaa ramani za njia bila malipo. Huo haukuwa ukarimu mtupu. Mtu asiyejua njia hasafiri, na asiyesafiri hanunui petroli. Kampuni nyingine zikaiga, na ramani hizo zikachapwa kwa mamilioni mengi mwaka hata mwaka, mpaka miaka ya 1970, petroli ilipopanda bei, desturi ile ikafifia. Huku Afrika ya Mashariki nako kampuni ya Shell ilitoa ramani za njia, na chama cha wenye motakaa vilevile. Leo wako watu Marekani na Ulaya wanaozikusanya na kuzihifadhi kama vile wengine wahifadhivyo stempu.

Basi, ramani isiyo na mwaka yajulikanaje umri wake? Hapo ndipo utamu wa kazi ulipo. Wanafunzi walisoma majina. Waliona jina la Tanganyika na jina la Ruanda-Urundi. Wakasema upesi, "Ni ya kabla ya Julai 1962, maana ndipo Rwanda na Burundi zilipopata uhuru, kila moja kwa jina lake." Tukawaambia wasifanye haraka. Mchapaji aweza kuchelewa kufuta jina la kale, lakini hawezi kuandika jina ambalo halijapata kutolewa. Kwa hiyo jina jipya ni shahidi mwenye nguvu kuliko jina la kale. Wakatafuta tena, wakaona katika Uganda mbuga ya Queen Elizabeth, na jina hilo lilitolewa mwaka 1954. Sasa tulijua kwa hakika kwamba ramani haikuchapwa kabla ya mwaka huo. Na kwa majina ya kale tulikisia kwamba haikupita sana mwaka 1962.

Njia hiyo hiyo yafaa kwa ramani nyingine. Ikiandikwa Kisangani mahali pa Stanleyville, si ya kabla ya 1966. Ikiandikwa Zaire, si ya kabla ya 1971. Ikiandikwa Ziwa Turkana mahali pa Ziwa Rudolf, si ya kabla ya 1975. Na ikionyesha Wilaya ya Kyerwa, si ya kabla ya 2012, mwaka ilipotengwa na Karagwe.

Lakini shahidi naye hupimwa, kwa kuwa ramani yaweza kusema uongo. Katika miaka ya 1930 wachoraji wawili wa Marekani, Otto G. Lindberg na Ernest Alpers, walitia katika ramani ya jimbo la New York kijiji kisichokuwapo. Walikiita Agloe, jina walilolitunga kwa herufi za kwanza za majina yao. Ulikuwa mtego: mtu akiwaibia kazi, ataiba na kijiji. Baadaye kampuni ya Rand McNally ikatoa ramani yenye Agloe. Walipotishwa kwamba watashtakiwa wizi walijibu kwamba mahali pale pana duka liitwalo Agloe. Nayo ilikuwa kweli, maana mwenye duka alilisoma jina katika ramani ya kampuni ya Esso, akalichukua. Hivyo karatasi ilizaa mahali.

Tulipokwisha kusimulia habari hiyo, mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa kwetu Rugera, aliinama juu ya ramani kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Mwalimu, ikiwa Agloe iliandikwa nayo haikuwapo, mbona Rugera haikuandikwa? Je, wazee wetu hawakuwapo?" Wengine walicheka, lakini yeye hakucheka, wala sisi hatukucheka.

Tulimjibu hivi. Ramani ile ilichorwa kwa ajili ya mtu mwenye motakaa. Mahali pasipo njia ya motakaa, wala petroli, wala nyumba ya wageni, mchoraji aliacha karatasi nyeupe. Weupe ule hauonyeshi kwamba hapakuwa na watu. Waonyesha kwamba mwenye kuuza petroli hakuwa na haja nao. Tena kumbukeni kwamba Speke na Grant walipofika Karagwe, Novemba 1861, walimwuliza Mukama Rumanyika habari za nchi zilizo mbele, naye akawaeleza, na mengi katika maelezo hayo yakaingia katika kitabu cha Speke. Mwenye kuulizwa alijua kabla ya mwenye kuandika.

Wala msidhani kwamba mistari ya ramani ni jambo dogo. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walipatana kwamba mpaka wao, magharibi ya ziwa kuu, ufuate mstari wa digrii moja kusini ya ikweta. Tazameni leo: penye Murongo mpaka wafuata mto Kagera, lakini upande wa Missenyi wanyoka kama uzi, na nchi iliyo kaskazini ya mto ni yetu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia humo, naye akadai kwamba mto ndio mpaka. Na Novemba daraja la Kyaka likavunjwa. Watu wengi walikufa na wengi walihama makwao. Katika ramani ya yule mzee daraja lile lilikuwapo bado, alama ndogo mno, upana wa punje ya ulezi.

Kwa hiyo twawashauri mambo machache. Mkiona karatasi ya namna hii dukani au sandukuni mwa babu, msiitupe. Ilazeni bila kuikunja, mahali pakavu, mbali na mchwa na jua. Msiunge mpasuko kwa utepe wa gundi, kwa maana gundi hugeuka rangi na kuila karatasi. Andikeni katika karatasi ya pembeni, si juu ya ramani, nani aliyewapa, na aliitumia wapi. Kisha ipelekeni kwa wazee, mwaulize ni kitu gani kimeachwa.

Sisi tulifanya hivyo. Yule mwanafunzi alichukua karatasi safi, akamfuata yule mzee aliyekuwa dereva, wakakaa chini ya mgomba. Mzee alitaja vijito, mapito ya ng'ombe, na mahali lori lake lilipokwama wakati wa masika, kijana akachora. Sasa karatasi hizo mbili twaziweka pamoja katika kabati la chuo. Katika ile ya kwanza Rugera haimo. Katika ya pili imo, pamoja na mwaka wa kuchorwa na majina ya wote wawili.